“Mtoto wa kijakazi”: neno hili limetoka wapi, na kwa nini linauma hivi?

*“Nina miaka 27, nimezaliwa na kukulia Tanga mjini, mchumba wangu ni wa Pangani. Siku ya posa mambo yalikwenda vizuri mpaka bibi yake, mzee aliyepita miaka 80, alipouliza kwa sauti, ‘Na huyu si mtoto wa kijakazi?’ Mama alinyanyuka akaingia chumbani, hakutoka tena mpaka wageni wakaondoka. Mimi nilidhani kijakazi ni mfanyakazi wa ndani tu, yaani ‘mja kazi’, mtu anayekuja kufanya kazi, nikaona mama amekuza jambo. Nilipombana aliniambia kwamba bibi yake mzaa mama aliitwa Mtumwa, kisha akanyamaza. Shoga yangu anasema kijakazi ni kahaba wa zamani. Lipi ni kweli? Jina la huyo bibi yetu ni ushahidi? Na posa ndiyo imeharibika?”*

Binti yangu, mama yako hakukuza jambo. Alisikia neno moja na wewe ukasikia jingine, ingawa sauti ilikuwa ile ile. Ulichosikia wewe ni kazi ya ufagio na masufuria. Alichosikia yeye ni kwamba mbele ya wageni, nyumbani kwake, ameulizwa kama bibi yake alikuwa mali ya watu.

Nianze na neno lenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Maelezo ya “mja kazi” nimeyasikia hata kwa walimu wenzangu, na ukiyatazama haraka yanapendeza: kuja, kazi, basi. Lakini si kweli. Neno lina vipande viwili, na vyote viwili vinatudanganya kwa kufanana na maneno mengine.

Kipande cha kwanza ni *mja*. Hili umelisikia kwenye kasida, tenzi na mawaidha, pale binadamu wote wanapoitwa waja. Mja ni mtumwa, mtu aliye chini ya mwenye amri juu yake. Washairi walilichukua wakalifanya jina la kila mwanadamu kwa sababu mbele ya Mungu wote ni watumwa. Halihusiani na kitenzi kuja. Wewe ni wa Tanga, umelelewa na msemo wa “waja leo waondoka leo”, na *waja* wa pale ni mgeni anayeambiwa kwamba anakuja. Waja wa tenzi ni nomino nyingine kabisa. Ukivuka mpaka ukaenda Rwanda au Burundi utawakuta wana *umuja*, mtumishi wa kike, na ndilo neno ambalo Mariamu anajiita nalo katika Biblia zao.

Kipande cha pili, *-kazi*, ndicho kinachowapoteza watu hasa. Hiki si kazi ya kufanya. Ni kipande kikongwe cha lugha za Kibantu chenye maana ya “mwanamke” au “wa kike”. Mganda akisema *omukazi* anamtaja mwanamke. Mnyarwanda ana *umwami*, mfalme, na *umwamikazi*, malkia. Mzulu ana *inkosi*, chifu, na *inkosikazi*, mke wa chifu au bibi wa heshima. Kiswahili kimekitupa kipande hiki karibu chote, ila kimebaki mahali pamoja pa ajabu, kwenye ukwe. Mke wa mwanao ni *mkaza mwana*, mke wa mjomba wako ni *mkaza mjomba*. Kwa hiyo ukiolewa Pangani, mama mkwe wako atakuwa na haki ya kukuita mkaza mwana, na *kaza* iliyomo humo ni ndugu wa damu wa *kazi* iliyomo katika mjakazi.

Ukitaka kipimo chepesi cha kumwonyesha shoga yako, muulize hivi: kama kazi hiyo ingekuwa ile ya jembe na jungu, kwa nini mtumwa wa kiume hakuitwa mjakazi na yeye? Jembe alilishika vilevile. Lakini yeye aliitwa *mtwana*. Mtumwa lilikuwa neno la jumla, mtwana wa kiume, mjakazi wa kike. Mja wa kike, basi.

Kisha ikaja *ki-*. Kijakazi kwanza alikuwa mjakazi mdogo wa umri, msichana, kama vile kitwana alivyokuwa mvulana. Lakini *ki-* ya Kiswahili haina mipaka mizuri, inaweza kuonyesha udogo na inaweza kuonyesha dharau. Kizee si mzee. Kijitu si mtu. Bibi wa mchumba wako hakuwa anazungumzia umri wa mtu.

Sasa tuje kwenye maana. Kamusi nyingi za leo zitakupa maana mbili, mtumwa wa kike na mtumishi wa kike wa nyumbani, na ndiyo maana umechanganyikiwa. Ile ya pili imekuja baadaye, utumwa ulipokwisha na neno likabaki linatafuta pa kukaa. Imesaidiwa pia na Biblia ya Kiswahili, ambamo Hajiri ni mjakazi wa Sarai, na Mariamu katika Injili ya Luka anasema yeye ni mjakazi wa Bwana. Msomaji wa leo anapita hapo anaona mtumishi. (Wakatoliki katika sala ya Malaika wa Bwana wanasema “mtumishi wa Bwana”, na nadhani wamechagua vyema.) Kwa hiyo ukimwita dada anayekusaidia nyumbani mjakazi, wengine hawatashtuka. Mimi nakushauri usimwite hivyo. Anayelipwa mshahara na anaweza kuaga akaondoka hana uhusiano wowote na neno hili.

Kuhusu ukahaba, shoga yako amekosea kabisa. *Kahaba* ni neno lenye asili ya Kiarabu na lina habari zake nyingine. Mjakazi aliweza kuuzwa, kurithiwa, kutolewa zawadi, kutumwa shambani, na bwana wake alikuwa na haki ya kumwingilia bila kumuuliza. Kumwita kahaba ni kumhukumu kwa jambo ambalo hakuwa na uwezo wa kulikataa.

Mjakazi ambaye bwana wake mwenyewe alimchukua kwa namna hiyo aliitwa *suria*, na hapa sheria ilibadilika sana, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, suria akimzalia bwana wake, mtoto ni huru, ni halali, na anarithi sawa na watoto wa mke wa ndoa. Mama naye hawezi kuuzwa tena, na bwana akifa anakuwa huru. Sayyid Said bin Sultan, sultani wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja, watoto aliowaacha walikuwa wa masuria. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Dada yake Salme, yule aliyekwenda Ujerumani akaitwa Emily Ruete, mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi. Wote hao walikuwa watoto wa wajakazi ukilichukua neno kama lilivyo, na sijui ni nani angethubutu kuwaambia. Tusi hili tangu zamani limejua wa kumwendea.

Lilimwendea mtoto wa mjakazi ambaye hakuwa suria. Huyo alifuata hali ya mama yake. Mama akiolewa na mtwana, mtoto ni mtumwa, tena wa mwenye mama. Hata baba akiwa muungwana kamili, yaani mtu huru wa kuzaliwa, akioa mjakazi wa mtu mwingine, watoto ni wa mwenye mjakazi. Utumwa, binti yangu, ulirithiwa kwa tumbo. Ukishalielewa hili utaelewa kwa nini karne nzima baadaye bibi hakuuliza habari za babu zako, na kwa nini swali lilimpata mama yako badala ya baba. Utaelewa pia kwa nini *Kitwana* limekuwa jina la kawaida la mwanamume, jina la watu wazima wenye heshima zao ambalo hakuna anayegeuka kulitazama, huku mwenziwe wa kike akibaki na uchungu wake. Doa la mtwana lilikwisha naye. La mjakazi lilihesabiwa kuendelea kwa kila aliyemzaa.

Lipo jambo moja zaidi, na nafikiri ndilo lililomwingiza mama chumbani. Mjakazi ni neno la kumilikiwa, haliwezi kusimama peke yake. Lazima awe wa fulani. Ndiyo maana mjakazi wa Bwana ni cheo cha unyenyekevu, kwa sababu mwenyewe ni Mungu. Bibi alipouliza “si mtoto wa kijakazi?” hakutaja mwenyewe ni nani, na masikio ya mama yalilijaza lile pengo. Katika mji mdogo kama Pangani, mwenye mjakazi wa zamani anaweza kuwa nyumba ya tatu kutoka msikitini. Anaweza kuwa nyumba iliyoleta posa. Na jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka: neno ambalo mjakazi alimwitia mwanamke aliyemmiliki lilikuwa “bibi”.

Usidhani tunazungumza habari za kale mno. Zanzibar ilifunga soko la watumwa la Mkunazini mwaka 1873. Amri ya kufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba ilitoka Aprili 1897, na hata hiyo iliwaacha masuria nje mpaka 1909. Kwenu bara ilichelewa zaidi. Wajerumani hawakufuta utumwa, walitangaza tu kwamba atakayezaliwa baada ya mwisho wa 1905 atakuwa huru. Waingereza ndio walioufuta Tanganyika, mwaka 1922. Sasa piga hesabu. Bibi aliyepita miaka 80 alizaliwa katika miaka ya 1940. Wengi wa waliomfundisha kuongea, waliomwambia nani ni nani mtaani, walizaliwa kabla ya 1922. Pangani ya kabla ya hapo ilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa watumwa, kama Unguja na Pemba zilivyokuwa na karafuu na Malindi nafaka. Bibi hakuliokota neno hili kitabuni. Amerithishwa pamoja na ramani ya mji.

Na ramani hiyo ilionekana kwa macho. Mjakazi wa shamba alivaa kaniki, ile nguo nyeusi ya bei ndogo, au merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kichwa wazi, mara nyingi kimenyolewa. Kufunika kichwa na kuvaa viatu zilikuwa alama za waungwana. Utumwa ulipofutwa, jambo moja ambalo wanawake waliokuwa wajakazi walilikimbilia mapema lilikuwa nguo: kanga za rangi, kisha buibui. Watu wa mjini waliwacheka. Siti binti Saad wa Fumba, ambaye wazazi wake walikuwa wa asili ya utumwa, alipopata sifa kwa uimbaji wake alitungiwa wimbo wa kumkumbusha kwamba alikuja mjini na kaniki. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodiwa sahani za santuri.

Siti nimemtaja kwa makusudi, maana jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa, kama la bibi yenu. Kwa hiyo swali lako la pili: ni ushahidi?

Jina peke yake halitoshi. Mtumwa kwa asili ni aliyetumwa, kitenzi kile kile kilichotupa *mtume*. Na pwani kulikuwa na desturi, bado ipo kwa wazee wengine, kwamba mama aliyezika watoto wawili watatu akimpata mwingine humpa jina la kumshusha, ili jicho la hasidi au la shetani lisimwone kuwa na thamani. Mtumwa limo katika majina hayo, na Kijakazi limo pia. Unguja na Pemba utawakuta akina Bi Mtumwa ambao nasaba zao hazina chembe ya utumwa. Kwa upande mwingine ni kweli kwamba watumwa wengi waliitwa majina waliyopewa na waliowamiliki, na Mtumwa likiwemo. Jina hilo linafungua milango miwili na halikuambii uingie upi.

Nikisema ukweli ninavyouona, nadhani mama yako anajua zaidi ya alichokuambia. Mtu haondoki sebuleni kwa sababu ya jina tu. Inawezekana kabisa kwamba bibi Mtumwa, au mama yake, alikuwa mjakazi. Basi na iwe hivyo. Hilo linakuambia kwamba mtu fulani alitekwa au aliuzwa, akaletwa pwani, akalima shamba la wengine, na bado akafikisha kizazi chake mpaka kwako, kitukuu chake, unayesoma hapa na kuandika. Hakuna alilolifanya la kukuletea wewe haya. Kama haya ipo katika habari hii, tafuta upande wa aliyenunua.

Tuje kwenye posa. Swali la bibi lilikuwa la *kufu*, yaani kama mnalingana. Wazee wa pwani walilishika jambo hili kwa nguvu, wengine wakidhani ni dini tupu. Lakini hata kwa kitabu chenyewe bibi amelishika kwa mkia. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi huku pwani, kufu huangaliwa kwa upande wa mume: je, analingana na huyu mwanamke? Ni ulinzi wa bibi harusi na walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa, nao wakiridhia kuuacha wanaweza. Mwanamume kuoa mwanamke ambaye watu wanasema yuko chini yake hakujawa kizuizi. Wenye haki ya kuuliza habari za kufu pale sebuleni walikuwa nyie.

Nisikudanganye lakini kwamba sheria inamaliza jambo. Utaishi na watu, hutaishi na kitabu. Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote kumbuka dakika ile baada ya neno kutoka. Nani aliinamisha kichwa? Baba yake alisema nini? Mchumba wako alifanya nini usiku ule, alikupigia simu au alingoja asubuhi? Neno la mzee mmoja ambalo wenziwe walilionea aibu si sawa na neno ambalo chumba kizima kilinyamaza kikilingoja lijibiwe.

Kama walilionea aibu, posa haijaharibika. Mchumba wako aongee na wazee wake, mshenga arudi, na radhi iombwe kwa mama yako, kwake hasa, kwa mdomo, pale pale sebuleni. Bibi mwenyewe asipoomba, mwanawe anaweza kumwombea, na hilo kwetu linatosha. Sikushauri uende wewe kubishana naye. Mzee wa miaka 80 hutamshinda kwa etimolojia, hata hii niliyokupa. Wala msianze kuchimba nasaba yao kulipiza. Pwani hii koo nyingi zikichimbwa vizazi vinne hutoa mjakazi upande huu na aliyemnunua upande ule, pengine katika nyumba moja, na mkishalitoa hadharani hamtaweza kulirudisha.

Kama chumba kilinyamaza, na mchumba wako anakuambia “mzoee tu, ndivyo alivyo”, nenda polepole. Utazaa watoto katika nyumba ile. Neno lililotolewa kwako siku ya posa litatolewa kwao siku watakapogombana na binamu zao, na katika mirathi litatolewa kwa sauti kubwa zaidi. Katika hali hiyo kuahirisha si aibu.

Yapo mambo ambayo mimi kwa kalamu siwezi kukusaidia. Mkitaka hukumu ya kufu na uwalii, nenda na walii wako kwa kadhi au sheikh mnayemwamini, mkamweleze habari yote. Msitegemee vipande vya video. Kama maneno yatageuka vitisho, au ukaolewa kisha ukanyanyaswa kwa jina hili, usiliache liwe la ndani ya ukoo tu: vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na ofisi za ustawi wa jamii hupokea malalamiko ya ndoa. Na mtazame mama. Kulia siku mbili ni kawaida. Kama wiki zinapita hataki kula, hapati usingizi, hataki kuonana na watu, mpeleke kwa daktari au mshauri, maana huenda neno hili halikuwa geni kwake, na wewe umelisikia mara moja tu.

Kuhusu bibi Mtumwa, mama asibanwe tena. Tafuta mkubwa wake, dada au binamu aliye hai, umwendee na sukari na majani ya chai, ukae. Usianze na neno kijakazi. Muulize bibi Mtumwa alizaliwa wapi, nani alimpa jina hilo, na kabla yake mama yake alizika watoto wangapi.